Fidge Akiwa na Miaka Arobaini na Tisa

Jumamosi, 19 Oktoba 1996

Baba amenipatia kazi bila kuniuliza, na nimefurahi hata nikashindwa kula.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya gereji nasoma. Bi. Lorna Pascoe akaingia kutafuta mkanda wa kombaini yake, ile mashine ya kuvunia nafaka. Akamwambia Baba, "Drago, nataka mtu wa kunivutia trela la nafaka msimu huu. Awe anajua trekta, na asiwe msemaji."

"Ninaye mmoja nyumbani," Baba akasema. "Huyu hata akishika moto ataandika barua kuomba maji."

Bi. Lorna akachungulia nyuma ya matairi, akaniona. "Huyo?"

"Huyo. Thea. Ana miaka kumi na sita, na reverse anapiga kuliko mimi."

"Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi," Bi. Lorna akaniambia. Nikaitikia kwa kichwa. Akaitikia kwa chake. Mazungumzo yakaisha.

Hakuna mtu hapa kijijini kwetu Mardilup asiyejua Bi. Lorna ni nani. Mwaka 1956, alipokuwa na miaka tisa, mwalimu wa shule yetu alipanga chumba kwao, akamtazama mwaka mzima, kisha akamwandika kwenye kile kitabu cha watoto, akampa jina Fidge. Kila mtoto wa nchi hii amelala na kitabu cha Fidge kando ya mto wake wa kulalia: Fidge anayepanda kinu cha upepo cha kuvutia maji mpaka juu, Fidge anayempanda kondoo dume kama farasi, Fidge anayesema "Tutajua tukifika!" kila anapoulizwa anakwenda wapi. Mimi nimekisoma mara thelathini na moja.

Na hakuna anayejua, isipokuwa Mwalimu Ferris anayenifundisha shuleni, kwamba tangu Februari ninaandika riwaya juu ya Fidge akiwa mtu mzima. Fidge wangu ana miaka arobaini na tisa. Anaishi peke yake. Kinu cha upepo kimekufa, mapazia hayafunguliwi, na ukimwuliza anakwenda wapi anajibu, "Hakuna pa kwenda." Mwalimu Ferris anasema ni kitu bora kilichowahi kuwekwa mezani kwake. Anataka niipeleke kwenye shindano la waandishi vijana. Mwisho ni tarehe 12 Desemba; bahasha iwe na muhuri wa posta wa siku hiyo.

Lakini fomu ina sharti: ikiwa mhusika ametokana na mtu aliye hai, mtu huyo atie sahihi. Kwa hiyo nina wiki saba za kumwomba Bi. Lorna Pascoe sahihi yake.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimejizoeza mbele ya kioo. "Bi. Lorna, samahani, nina jambo dogo." Hata kwenye kioo nimeangalia chini.

Jumamosi, 26 Oktoba

Baba alinishusha kwenye lango la Pascoe saa moja kasoro. Lango limefungwa kwa mnyororo mnene, na juu yake kibao: HAPANA KUINGIA. Huku kwetu mtoto hufundishwa kabla hajajua kusoma kwamba lango uliache ulivyolikuta. Kama liko wazi, liwe wazi; kama limefungwa, liwe limefungwa. Basi nikaketi juu ya jiwe nikangoja. Saa mbili kasorobo vumbi likaja kutoka ndani, na Bi. Lorna ndani ya vumbi.

"Unangoja basi hapo?"

"Lango limefungwa."

"Halina hata kufuli, binti. Mnyororo umetundikwa kwenye msumari." Akaunyanyua kwa kidole kimoja. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulianza na shayiri. Kazi yangu ni kukimbiza trekta sambamba na kombaini ikiwa inakwenda, ili aimimine nafaka ndani ya trela bila kusimama. Ukikawia, nafaka inamwagika chini. Ukisogea mno, unagonga. Mara ya kwanza nilimwaga labda madebe mawili. Nikasubiri matusi. Kwenye redio ya upepo tunayozungumzia, ambayo iko kwenye kila trekta na kila pikapu ya wilaya hii, nikasikia sauti yake: "Kasuku wa porini wanashukuru kwa chakula cha mchana."

Kwa chakula chetu cha mchana alikuwa na mkate na nyama baridi ya kondoo, na keki ya matunda aliyoifunga kwenye gazeti. Alinikatia kipande kikubwa kuliko chake. Halafu akajaza fumbo la maneno kwenye lile gazeti, huku akipiga mluzi.

Fidge wangu hapigi mluzi. Ukurasa wa 14 nimeandika kwamba nyumba yake "haijasikia wimbo tangu mazishi."

Sijamwambia.

Jumamosi, 2 Novemba

Kinu cha upepo kinafanya kazi vizuri sana. Anakipaka mafuta mwenyewe kila mwezi, na ndiye anayepanda. Nimefuta sura ya pili.

Sijamwambia.

Jumapili, 3 Novemba

Mapazia anayafunga mchana kwa sababu ya joto, kama kila mtu. Sisi pia tunayafunga. Sijui kwa nini sikulifikiria hilo.

Jumamosi, 9 Novemba

Joto digrii arobaini na mbili na upepo wa kaskazini. Saa tano redio ikatangaza marufuku: hakuna kombaini kutembea wilaya nzima, cheche moja tu na tunaungua wote. Bi. Lorna akazima injini, tukayapuliza makapi kwa hewa yatoke kwenye mashine, tukaenda kukaa jikoni kwake kungoja upepo ugeuke.

Nilidhani leo ndiyo siku. Fomu ilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimefika hadi "Bi. Lorna, samahani."

"Lorna inatosha."

"Ndiyo, Bi. Lorna."

Akacheka, akanimiminia maji ya ndimu. Nikapoteza ujasiri, na nikauliza jambo jingine, la kwanza lililonijia: kwa nini lango lina mnyororo kama halina kufuli.

Akajimiminia na yeye. Kisha akasema, "Ule mwaka sabini na saba walipokitia kile kitabu kwenye televisheni, watu walianza kuja. Mabasi, wewe! Wanavunja vipande vya kinu waende navyo kwao. Wanachungulia dirishani. Nina miaka thelathini, wananiuliza, 'Fidge yuko wapi?' Nawaambia amekua. Wanakasirika. Wananitazama kama nimemla."

"Pole."

"Siku tuliyomzika baba yangu, tumerudi kutoka makaburini, nikakuta bwana mmoja na watoto wake watatu uani. Kamshika kondoo dume wangu kwa pembe. Ananiambia, 'Dada, panda kidogo kwenye kinu tupige picha.' Na mimi nimevaa nguo nyeusi." Akazungusha bilauri yake mezani. "Nilikwenda bandani, nikatoa mnyororo na ubao."

"Walirudi tena?"

"Watalii? Hapana. Watu wanaheshimu kibao." Akatazama nje, kule lango liliko, ingawa halionekani kwa vumbi. "Wala wengine hawakurudi. Nilidhani majirani watakuja na keki, kama inavyokuwa msibani. Nilipika chai birika mbili. Hata mmoja. Basi, nikajua nilipo. Mimi si mtu wa kubisha hodi kwa mtu ambaye habishi kwangu."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayekuambia kipimo cha mvua cha mwaka fulani.

Upepo uligeuka saa kumi. Tulivuna mpaka jua likazama. Nimerudi nyumbani nikaandika kurasa kumi na moja bila kusimama. Sasa najua mwisho wa riwaya: Fidge anavunjika mguu, ngano imeiva, mvua inakuja, na hakuna anayekuja. Ni sura ya kumi na mbili, na ni nzuri, najua ni nzuri. Na nina haya nayo.

Jumamosi, 16 Novemba

Shayiri imekwisha. Sijamwambia.

Ijumaa, 29 Novemba

Mtihani wa mwisho. Mwalimu Ferris alinifuata hadi kwenye mabomba ya maji.

"Thea Dragovich. Sahihi?"

"Bado, Mwalimu."

"Umefanya naye kazi wiki tano! Mnaongea nini huko?"

"Unyevu wa nafaka."

Akaweka mikono kichwani. "Msichana wangu, kuna watu wanakaa mwaka mzima wanatafuta namna ya kumkaribia mwanamke yule. Wewe umekaa naye kwenye meza moja unazungumza unyevu." Hakuwa amekasirika. Aliniambia sura ya kumi na mbili ilimkosesha usingizi. Nilitembea hadi gereji kama nimekunywa mvinyo.

Kisha nikakumbuka zile birika mbili za chai nilizozitia ndani ya sura hiyo, na furaha ikanitoka. Zile si zangu. Nimezichukua mezani kwake.

Jumanne, 3 Desemba

Sasa nakwenda kila siku. Ngano. Anatafuna punje asubuhi, ikilia *ka!*, yaani imekauka, tunaanza, isipolia tunakunywa chai. Amenifundisha kusikia mlio wenyewe. Leo aliniachia nitafune mimi na akanisikiliza mimi. Nikasema, "Bado nusu saa." Akakaa chini akangoja nusu saa.

Sijui kama kuna mtu aliwahi kusubiri kwa sababu mimi nimesema.

Sijamwambia.

Jumamosi, 7 Desemba

Tunapopishana na magari barabarani, madereva wote wanainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu yetu. Bi. Lorna anainua chake kwa kila mtu, na kila mtu anainua kwake. Nimehesabu leo: kumi na wanne. Hakuna aliyepunguza mwendo. Mzee Clarrie Treloar, ambaye shamba lake linapakana na la Bi. Lorna upande wa magharibi, aliinua kidole na akageuza shingo kabisa kutufuata, kama mtu aliyesahau kusema neno.

Redio inasema mvua kubwa inateremka kutoka kaskazini-magharibi, itafika Jumatano. Ngano iliyoiva ikinyeshewa huchipua ikiwa bado kwenye suke, na haifai tena kwa mkate. Zimebaki hekta mia tatu. Sisi wawili tunaweza hekta sitini kwa siku, mashine ikikubali.

Alipiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha pikapu, akafuta kwa kiwiko. "Tutajua tukifika," akasema.

Nilishtuka. Nilidhani yale maneno ya Fidge aliyatunga yule mwalimu wa kitabu.

Jumapili, 8 Desemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tatu na nusu asubuhi Bi. Lorna alipanda kufuta kioo cha kombaini. Nilikuwa nimempa mgongo najaza dizeli. Nikasikia kishindo, kisha kimya, kisha neno ambalo Mama hataki niliandike. Alikuwa chini ya ngazi, na mguu wake wa kulia chini ya goti ulikuwa umegeuka mahali ambapo mguu haugeuki.

"Usilie," akaniambia. "Lete ule ubao wa kwenye pikapu, na ile kamba ya marobota."

Nikaleta. Akanielekeza nifunge wapi. Nikafunga. Nikamvuta hadi kwenye pikapu kwa turubai. Mimi sina leseni kamili. Niliendesha kilomita arobaini hadi hospitali ya wilaya, na kwenye kila shimo alinipa maagizo.

"Zima ile pampu ya maji ya kondoo ukirudi."

"Ndiyo."

"Kombaini isibaki na nafaka tumboni. Panya."

"Ndiyo. Bi. Lorna, nimwite Mzee Treloar? Kwenye redio? Wana kombaini, wanaweza—"

"Usimwite mtu."

"Lakini mvua—"

"Thea." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Miaka kumi na tisa hawajapita pale langoni. Hawatakuja leo kwa sababu ya mguu wangu. Na nikiita wasije, nitaishi vipi nao? Sasa hivi angalau tunainuliana vidole."

Amefanyiwa upasuaji mchana. Atakaa hospitali wiki tatu, labda nne.

Nimekaa chumbani kwangu na sura ya kumi na mbili mapajani. Anavunjika mguu, ngano imeiva, mvua inakuja, na hakuna anayekuja. Nimeyaandika mimi, mwezi mmoja kabla. Mama anasema ni sadfa, wanawake wa shamba wanavunjika miguu kila mwaka. Najua. Lakini sehemu ya mwisho haijatokea bado, na nimetambua kwamba kama sitafanya kitu, itatokea sawasawa kama nilivyoiandika, na nitapata hata sifa.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimeongea kwenye redio.

Nilikwenda alfajiri kuzima pampu. Kisha nikakaa ndani ya pikapu ya Bi. Lorna na kisemeo cha redio mkononi, nikisikiliza wilaya nzima ikisalimiana. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Nilibonyeza, nikaachia. Nikabonyeza. Nikasoma haraka kama anayesoma shairi asilolijua:

"Huyu ni Thea. Wa gereji. Bi. Lorna Pascoe amevunjika mguu. Yuko hospitali. Hekta mia tatu zimesimama. Mvua Jumatano. Hajaniambia niombe. Amenikataza. Naomba."

Kimya cha redio si kama kimya kingine. Unajua ndani yake wamo watu thelathini.

Kisha Mzee Clarrie. "Amekukataza?"

"Ndiyo."

"Basi hataki, binti. Lango lake limefungwa. Mimi mtu akifunga lango lake sina neno. Nililikuta limefungwa, nikaliacha limefungwa, ndivyo baba yangu alivyonilea. Siku ya mazishi ya mzee Pascoe, mke wangu alishika keki mapajani, tukafika pale, tukakuta mnyororo na kibao. Tukageuza. Mke wangu kalia njia nzima. Hatukujua tumemkosea nini."

Nilisahau kwamba ninaogopa. Nilisahau hata kubonyeza, nikasema nusu ya kwanza peke yangu ndani ya pikapu, ikabidi nianze upya.

"Kile kibao ni cha watalii!"

"Cha nani?"

"Watalii, Mzee Clarrie! Wa kitabu! Walimtaka apande kwenye kinu siku ya mazishi, akakasirika, akaweka mnyororo. Si kwa ajili yenu. Yeye alipika chai birika mbili akawangoja, hakuna aliyekuja. Na halina kufuli! Mnyororo umetundikwa kwenye msumari tu!"

Nilisikia mtu akipumua, kidole kimemlalia kwenye kitufe.

"Msumari," akasema Mzee Clarrie.

"Ndiyo."

"Miaka kumi na tisa, msumari."

Sauti ya mwanamke ikaingia, nadhani mkwe wake: "Baba, usianze kulia hewani, watu wana kazi."

"Silii, vumbi. Haya. Treloar hapa. Kombaini moja, na malori mawili. Kesho umande ukikauka."

"Hapa Batty. Mbili."

"Hapa Santoro. Yangu inavuja mafuta, lakini inatembea."

"Yako ilianza kuvuja kabla Fidge hajazaliwa, Santoro!"

"Drago yuko hewani? Mwambie alete gasketi!"

"Niko hapa," akasema Baba kutoka gereji, na sauti yake ilikuwa si ya kawaida. "Gereji kesho imefungwa. Ya Lorna nitaendesha mimi, magonjwa yake nayajua yote. Thea, umesema vizuri, mwanangu."

Wilaya nzima imesikia akiniita mwanangu. Sikuona aibu hata kidogo.

Jumanne, 10 Desemba

Nilifika langoni saa kumi na mbili asubuhi ili niwe nimelifungua kabla hawajafika. Wakati wanakuja wakute liko wazi; hapo, kwa desturi yetu, hakuna wa kulifunga.

Kombaini kumi na moja. Sijawahi kuona kumi na moja mahali pamoja. Zilisimama mstari mmoja, watu wakashuka, wakachuma masuke, wakatafuna. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Kisha Mzee Clarrie akaniuliza mimi: "Wewe ndiye wa shamba hili. Tunaanza?"

Nikatafuna. *Ka!* "Tunaanza."

Zilikwenda zimepishana kama vidato vya ngazi, moja nyuma ya nyingine, kama bata. Ya mbele kabisa ilikuwa ya Bi. Lorna, kuukuu kuliko zote, Baba ndani yake. Malori yalipanga foleni mpaka barabarani. Mke wa Mzee Clarrie, Mama Joyce, alifungua jikoni kwa Bi. Lorna, akasimama mlangoni kwanza, akajifuta viatu muda mrefu sana. Kisha wanawake wakaingia na masufuria. Kulikuwa na keki nne. Nilimsikia Mama Joyce akimwambia Bi. Batty, "Hii ni ya mapishi yale yale. Imechelewa tu."

Bw. Santoro alipata mawe karibu na ua wa magharibi, akavunja meno matatu ya mashine, wakamcheka hadi saa sita mchana.

Niliendesha trekta kwa muda wa saa tisa mfululizo. Kuna wakati kombaini tatu zilinitaka kwa pamoja, na redioni wanaume wazima wananiita, "Thea, huku! Thea, mimi kwanza!" Nilicheka peke yangu ndani ya trekta kama kichaa.

Saa kumi na nusu hapakuwa na suke lililosimama. Mawingu yalikuwa yameshafunika nusu ya mbingu. Watu hawakukaa kupongezana. Waliinua vidole wakatoka.

Nyumbani nilichukua sura ya kumi na mbili nikaichoma kwenye jiko, karatasi kwa karatasi. Haikuniuma.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua kutwa. Milimita arobaini na nne. Tulikaa barazani, Baba, Mama nami, hatufanyi kitu, tunaisikiliza tu.

Alhamisi, 12 Desemba

Nilikwenda hospitali saa saba mchana na riwaya yangu ndani ya mfuko wa plastiki, fomu ikiwa juu. Nilikuwa nimeamua: nitasema kabla sijakaa.

Mzee Clarrie alikuwa amenitangulia. Amesimama mlangoni, kofia mkononi, hajaingia.

"Ngano yako unyevu asilimia kumi na moja," anasema.

"Mlikata karibu na ua wa magharibi?" Bi. Lorna kitandani. "Kuna mawe pale."

"Santoro ameyapata."

"Ah."

"Joyce anauliza keki unaipenda na lozi au bila lozi."

Bi. Lorna akageukia dirisha. "Na lozi," akasema. Mzee Clarrie akavaa kofia akaondoka, akanigonga bega akipita, nikakaribia kuanguka.

Nikasema kabla sijakaa. Nilisema yote kwa pumzi moja: riwaya, Fidge mtu mzima, shindano, sahihi, posta inafunga saa kumi na moja leo. Na kwamba nimemwandika vibaya. Na kwamba birika mbili za chai nilizitia ndani bila ruhusa, na nimezitoa.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Wiki saba unanitazama kama kondoo anayetazama josho la dawa. Nikajua, huyu ama ana mimba ama anaandika."

"Bi. Lorna!"

"Lete kalamu." Akaichukua fomu, akatia sahihi bila kusoma. Hivyo tu. Wiki saba, na ilichukua muda wa kupiga chafya. Kisha akauweka mkono wake juu ya karatasi. "Sasa nisomee."

"Yote?"

"Yote. Usiruke."

Nikasoma. Kwanza sauti ilikuwa inakwama, akawa ananiambia, "Juu kidogo, dawa imeniziba masikio." Sura ya kwanza alicheka mahali ambapo si pa kuchekesha. Sura ya tatu alinisimamisha: "Nani anachemsha mguu wa kondoo badala ya kuuoka? Huyu Fidge wako hakulelewa?" Sura ya tano, Fidge anamuuza kondoo dume wake, akasema, "Mimi nilimla," nikacheka hadi muuguzi akachungulia.

Sura ya tisa Fidge anakwenda mjini kununua nyuzi. Watu wanamsalimia. Kila mara jibu zuri linamjia, lakini linamjia wakati wameshapita, na anarudi nyumbani na majibu yote mdomoni, kumi, kumi na tano, anayasema mwenyewe jikoni mbele ya birika.

Bi. Lorna hakucheka. Niliposimama kugeuza ukurasa akasema, "Hilo nani kakuambia?"

"Hakuna."

"Sijawahi kumwambia mtu hilo. Nayasema kweli. Jikoni. Umenisikia?"

"Hapana," nikasema. "Hilo si lako. Hilo ni langu. Mimi ndiye ninayefanya hivyo."

Alinitazama muda mrefu. Sikuangalia chini.

"Na una miaka kumi na sita tu," akasema. "Maskini. Nilidhani mtu lazima azeeke kwanza." Akasogeza mto wake. "Rudia hapo pa birika."

Nikarudia. Tukaendelea. Muuguzi aliingia na sinia la chakula cha jioni, na Bi. Lorna akatazama saa ya ukutani.

"Posta inafunga saa ngapi, ulisema?"

"Saa kumi na moja."

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini.

"Mbona hukuniambia, mtoto wewe?"

"Tulikuwa sura ya tisa."

Alifunga macho. Nilidhani amekasirika, au ana maumivu. Kisha akaanza kula jeli yake. "Haya, kumi," akasema, na kijiko mdomoni.

Karatasi zilikwisha kwenye sura ya kumi na moja. Akauliza mwisho uko wapi. Nikamwambia nimeuchoma, haukuwa kweli.

"Basi andika mwingine. Mimi nipo hapa wiki tatu, siendi popote."

Ijumaa, 13 Desemba

Mwalimu Ferris alipiga simu asubuhi kuuliza kama sahihi imepatikana. Nikamwambia ndiyo. Akapiga kelele za furaha. Akauliza kama imetumwa. Nikamwambia hapana, nilichelewa.

Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, ilikuwaje.

Jibu lilinijia hapo hapo, naye akiwa bado kwenye simu. Nikamwambia msomaji wangu hakutaka niruke hata ukurasa mmoja.